Funda la Nyanya Wakesho

Siku Thadeus alipoondoka kwenda melini ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Ukungu ulikuwa umekalia mlima wa Bura kama mgeni asiyejua kuaga, njegere zilikuwa zinachumwa, na shangazi Lois alikuwa anagombana na kuku mmoja aliyezoea kutaga kwenye kapu la nguo. Ilikuwa Januari ya mwaka wa sabini na nne. Mimi nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu cha Nairobi na kupata kazi ya ualimu huko Voi. Shule ilikuwa haijafunguliwa, basi nikapanda nyumbani kumuaga binamu yangu.

Thadeus alikuwa mtoto wa baba mkubwa Obadiah. Tulilelewa pamoja na nyanya yetu, Wakesho, tukala sufuria moja na kuchapwa fimbo moja. Sasa alikuwa amepata kazi ya udobi kwenye meli ya watalii, meli kubwa nyeupe iliyoitwa Meridiana, inayowazungusha matajiri baharini siku tisini na mbili na kuwarudisha palepale walipoanzia. Nilimuuliza mtu anayelipa ili arudi alipokuwa ana shida gani. Akaniambia nisome magazeti, niwache wivu.

Sasa, sisi Wadawida wa milima ya Taita tuna jambo letu. Mtu wa nyumbani akikukasirikia, hata kama hajafungua mdomo, hasira yake ina miguu. Itakufuata. Dawa ni kutasa. Mwenye hasira anakaa kwenye kigoda cha nyumba, anachukua funda la pombe ya miwa, na kulitema kwa mnyunyizo, phuu, huku akisema kwamba kilichokuwa moyoni kimetoka, uende salama. Si mate ya matusi, ni baraka. Sheria yake ni moja tu: lazima kitoke. Chuoni niliandika kurasa kumi na mbili juu ya jambo hili na nikapata alama nzuri mno kutoka kwa mwalimu ambaye hakuwahi kufika hata Mwatate, chini ya mlima wetu. Niliandika kwamba ni njia ya jamii ya kutuliza mivutano. Sentensi hiyo bado naikumbuka. Ingefaa nilazimishwe kuila.

Na hasira ilikuwepo. Mwaka uliotangulia, watalii wa meli hiyohiyo walikuja kuona ndovu Tsavo, wakalala kwenye hoteli ya Voi ambako Thadeus alikuwa anafua mashuka. Pamoja nao alikuwa mkuu wa wahudumu wa meli, Mgiriki mnene mwenye kupenda vitu vya kale vya watu wengine. Thadeus akapanda Bura Jumamosi moja, akashuka Jumapili na gunia. Ndani yake kulikuwa na kigoda cha babu, kile cha miguu mitatu, cheusi kwa mafuta ya miili ya wazee wanne waliokikalia kabla ya kufa. Hakuna shilingi iliyopita mkononi. Kilipita kigoda, na baada ya wiki tatu ikapita barua ya kazi.

Nyumbani sote tulijua, na hakuna aliyesema.

Kwa vile baba mkubwa Obadiah alikuwa katekista wa misheni, kutasa kulifanywa nyuma ya jiko, haraka haraka, kabla ya basi la saa tatu, kama watu wanaoficha chang'aa. Nyanya Wakesho aliwekewa kiti cha shule, kile chenye majina ya watoto yaliyochorwa kwa kisu. Akakitazama.

"Kigoda cha babu yenu kiko wapi?"

"Kiko kwa fundi, mama," baba mkubwa akasema. "Mguu ulilegea."

"Mguu gani?"

"Ule mmoja."

Nyanya akatutazama mmoja baada ya mwingine, bila haraka, kama mtu anayehesabu mbuzi. Nilipofikiwa mimi nikatazama kuku.

"Haya," akasema. Akakaa.

Thadeus akachuchumaa mbele yake na shati lake jipya. Nyanya akapokea kibuyu, akachukua funda, mashavu yakajaa. Halafu nikaona koo lake likipanda na kushuka. Mara moja tu, polepole. Kisha akapuliza, phuu. Ulitoka upepo mtupu.

Baba mkubwa akasema amina kabla upepo haujaisha. Thadeus akajipangusa uso kwa kiganja, maana ndivyo inavyofanywa. Kisha akakitazama kile kiganja. Kilikuwa kikavu.

Aliniangalia. Nilikuwa na digrii, na basi lilikuwa linapiga honi kule chini. Nikamwambia wahi, utaachwa.

*

Haya ya melini nimeyapata kwa Nzioka. Ni Mkamba wa Voi, wazazi wake walikuja kukata mkonge wakasahau kurudi Kitui, naye alikuwa dobi mwenzake Thadeus, kitanda cha juu na cha chini. Si mtu wa kuongeza chumvi. Nimemhoji mara nne, kwa siku tofauti, nikitafuta mahali hadithi inapobadilika. Haibadiliki.

Kwa muda wa siku themanini na sita hakukuwa na lolote. Joto, mvuke, mashuka. Chumba cha udobi kilikuwa chini kabisa ya meli, chini ya usawa wa maji, na Thadeus alipenda kusema kwamba yeye ndiye Mdawida wa kwanza kufanya kazi chini ya samaki. Alimnunulia nyanya shali huko Singapoo. Alipanga kumwambia ukweli wote akifika.

Meli iliondoka Kolombo Jumapili moja ya Aprili. Ilibaki safari ya siku sita tu, ifike Mombasa Jumamosi. Huko juu watalii walikuwa wameanza kuagana, kupigana picha na kubadilishana anwani; kila mchana ngoma, kila mchana vitambaa vyeupe vya meza vingine.

Jumatatu asubuhi Thadeus alikunywa chai, na chai ikarudi. Hakutapika. Nzioka anasisitiza hapo. Ilifika mdomoni, mashavu yakajaa, halafu mdomo wenyewe ukainyunyiza, phuu, ikamlowesha Nzioka kifuani.

"Kama chai ya leo ni mbaya mwambie mpishi," Nzioka akamwambia. "Mimi nimekukosea nini?"

Wakacheka. Akajaribu tena. Phuu.

Mpaka jioni hakuna tone lililokuwa limepita kooni. Maji, mchuzi, hata mate yake mwenyewe. Jumanne daktari wa meli akammulika kwa tochi, akasema koo ni zima kama la mtoto, labda ni mawazo ya nyumbani. Akamchoma sindano ya maji mkononi. Maji yale yakatoka mdomoni. Daktari akapangusa miwani yake na kuondoka bila kuandika kitu.

Jumatano adhuhuri walikuwa chumba cha kukaushia, mashuka yametundikwa safu kwa safu mpaka karibu na sakafu. Thadeus alikuwa mbele. Akasimama. Nzioka akainama kuangalia anachokiangalia.

Chini ya shuka la mwisho kulikuwa na miguu. Nzioka aliihesabu. Miguu mitano. Mitatu ya mti, miwili ya mtu, mitupu, yenye nyufa za kisigino kama za mtu anayelima mteremko maisha yake yote.

Thadeus akafunua shuka la kwanza. La pili. La tatu. Alipofunua la mwisho hapakuwa na mtu.

Sakafuni kulikuwa na udongo kidogo, mwekundu. Meli ilikuwa haijaona udongo kwa siku tatu.

"Ni nyanya," Thadeus akanong'ona. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka. "Hakutema. Kiganja kilikuwa kikavu."

*

Huku nyumbani nilikuwa nimepanda kwa likizo ya Aprili. Jumatatu ileile, saa ya chai, nyanya Wakesho aliacha kusema. Tulidhani amekasirishwa na jambo. Alikuwa na kipaji hicho. Kufikia jioni shangazi Lois akaniuliza kama meno yanamsumbua mama, maana mashavu yamevimba.

Hayakuwa yamevimba, yalikuwa yamejaa.

Hakula. Hakunywa. Alikaa chini nje ya mlango wake, pale mahali ambapo kigoda kilikuwa kikikaa, midomo imefumbwa, mashavu yanakuwa makubwa siku hadi siku, ngozi ikinyooka mpaka makunyanzi yakapotea na nusu ya uso wake ikawa ya msichana. Macho yalibaki ya miaka themanini. Alhamisi, ukikaa karibu, akigeuza kichwa ulisikia kitu ndani kikigonga kuta taratibu, kikienda na kurudi.

Siku hiyo ikaja simu ya maandishi kutoka posta ya Voi, imepandishwa na dereva wa lori la mboga. Maneno yalikuwa manne. NYANYA ATEME TAFADHALI. THADEUS.

Baba mkubwa Obadiah aliisoma, akaikunja, akaitia ndani ya kitabu chake cha sala. Akasema mtoto amelewa huko, mambo ya mabaharia.

Nilikuwa nimechoka na uongo wa watu wema. Nilienda nikapiga magoti mbele ya nyanya, nikamwambia kwa sauti ya chini yote niliyopaswa kuyasema Januari: kwamba kigoda hakiko kwa fundi, kiko melini, kwa Mgiriki, kwamba sote tulijua, kwamba nilimwona akimeza.

"Tema, nyanya," nikanong'ona. "Anakufa."

Alinitazama. Hakukuwa na chuki usoni mwake, na hilo ndilo lililonitisha. Akanyoosha kidole, akagusa ardhi pembeni yake, pale penye alama tatu za miguu ya kigoda, zilizochimbika kwa miaka sitini. Akagusa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kisha akaweka mikono mapajani.

Nilimwelewa. Hakuwa anakataa. Angetasa kwenye kigoda au asitase kabisa. Katika nyumba nzima, yeye peke yake ndiye aliyekataa kujifanya.

Nikahesabu siku. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Kama Thadeus atakileta, kama atashuka na basi la kwanza, Jumamosi jioni kitakuwa hapa. Nikakimbia mpaka misheni kupiga simu, ili meli ipewe ujumbe. Laini ya Voi ilikuwa imekatika. Ndovu walikuwa wameangusha nguzo.

*

Hakuhitaji ujumbe wangu. Alhamisi ileile Thadeus aliingia chumba cha Mgiriki na rundo la taulo, akatoka na kigoda chini ya taulo. Mgiriki alikuwa amekiwekea chungu cha maua juu. Thadeus aliweka maua sakafuni, kwa uangalifu, na kufuta duara la maji kwa kona ya shati lake.

Alikipakata kutwa. Kusimama hakuweza tena. Nzioka alimfanyia kazi zake, na kila akipita alimlowesha midomo kwa kitambaa, na kila mara midomo ilitema.

"Nimezungukwa na maji dunia nzima," Thadeus akamwambia, "na kiu niliyonayo ni ya mtu wa Tsavo." Alijaribu kucheka, mdomo ukachanika. "Jumamosi nitamwekea mwenyewe. Nikishindwa, utamwekea wewe. Usimpe baba. Mpe nyanya."

Nzioka akaahidi.

Ijumaa alasiri huko juu ilikuwa sherehe kubwa ya kuagana. Bendi ilisikika mpaka chini kupitia mabomba. Nahodha alikuwa ametangaza kwamba kesho asubuhi wataona Mombasa, na watu wakapiga makofi. Thadeus, ambaye sasa alikuwa mkavu na mwepesi kama mkonge ulioanikwa, alimwita Nzioka kwa kidole.

Alitaka kukalia kigoda. Hakuwa mzee, hakuwa na haki. Lakini alisema pengine kigoda hakijali ni nani, pengine kinataka tu mtu ateme akiwa juu yake, na kwamba kutema sasa ndiyo kazi anayoijua kuliko watu wote duniani. Nzioka hakuzijua mila zetu. Alimbeba akamkalisha. Akampa bilauri ya maji. Akaenda kuzima mashine iliyokuwa inalia, hatua kumi na mbili, akarudi.

Bilauri ilikuwa sakafuni, imejaa, haijaguswa.

Thadeus alikuwa amekaa wima. Macho wazi. Midomo imefumbwa. Mashavu yamejaa.

"Tema," Nzioka akamwambia. "Thadeus. Tema."

Hakuwa anapumua.

Daktari ndiye aliyembonyeza mashavu. Kilichotoka hakikuwa maji. Kilikuwa cha rangi ya kahawia, chenye povu, kibichi, na harufu yake ilijaa chumba kizima, ikapanda mabomba. Mgiriki alishuka kwa hasira kuuliza nani anapika pombe kwenye meli yake. Nzioka aliijua harufu hiyo. Kila mtu wa Voi anaijua. Ni pombe ya miwa, mbichi kama iliyokamuliwa asubuhi hiyohiyo.

Lilikuwa funda moja tu. Ilikuwa saa tisa na robo.

*

Saa tisa na robo nilikuwa nimekaa na nyanya, namshika mkono. Mdomo wake ulifunguka wenyewe, kama mlango uliosahauliwa kufungwa.

Yakatoka maji. Nilidhani ni funda. Yakaendelea. Nikakinga beseni, beseni likajaa. Shangazi Lois akaleta la pili bila kuuliza kitu. Yalitoka baridi na safi, bila kikomo, na nyanya alikuwa anatutazama tu, na mashavu yakashuka, makunyanzi yakarudi moja moja mahali pake. Beseni la tatu lilipofika nusu, akafa.

Nilichovya kidole nikaonja. Sijui kwa nini. Elimu, labda.

Chumvi. Nyanya Wakesho hakuwahi kushuka chini ya Mwatate. Hakuwahi kuiona bahari.

Tulimwaga nyuma ya jiko. Pale hapajaota nyasi mpaka leo.

*

Tuliwazika siku moja, kaburi kwa kaburi. Nzioka alikuja na jeneza la Thadeus kutoka Mombasa, na kigoda kimefungwa ndani ya shuka la meli. Alikataa kumpa baba mkubwa. Alikipeleka mwenyewe mpaka mlangoni mwa nyanya na kukiweka kwenye zile alama tatu. Miguu ikaingia. Akabaki amesimama, kwa sababu aliyepaswa kupewa hayupo.

Baada ya maziko shangazi Lois akasema nyumba haiwezi kubaki hivi. Kila mtu wa damu atakaa kwenye kigoda na kutasa, mchana kweupe, mbele ya nyumba, padri akitaka aje atazame. Baba mkubwa Obadiah hakubisha. Alikuwa wa kwanza. Alilia, akasema mbele ya watu wote kwamba alidanganya, akatema, na jua lilipiga matone yakang'aa. Akafuata Lois. Wakafuata wadogo zangu. Kila mmoja alisema hana kitu tena moyoni, na kila mmoja, kwa nilivyoona, alisema kweli.

Ikafika zamu yangu. Kigoda kilikuwa na joto la waliotangulia. Lois akanipa kibuyu. Nikachukua funda.

Ilinipasa niseme kwamba hakuna kilichobaki. Wote walikuwa wananitazama kwa macho mekundu ya watu waliotua mzigo. Nikamfikiria Thadeus akikitazama kiganja chake. Nikamfikiria nyanya, aliyeweza kufungua mdomo Alhamisi na hakufungua. Nikamfikiria baba mkubwa na kitabu chake cha sala. Nikajifikiria mimi, na kuku, na basi la saa tatu. Sikuwa nimemsamehe hata mmoja. Na maisha yangu yote nimejivuna kwamba sijui kujifanya.

Nikameza.

Halafu nikapuliza, phuu.

"Amina," wakasema.

Nzioka peke yake hakusema. Alikuwa nyuma ya wote, ameshika kofia. Hakuwa anautazama uso wangu. Alikuwa anatazama koo.

Miaka tisa imepita. Kigoda ninacho mimi, hapa Voi, sebuleni. Hakuna mwingine aliyekitaka. Kila asubuhi nakikuta kimelowa, duara moja, kama mtu ameinuka hapo sasa hivi. Nakipangusa. Kufikia adhuhuri duara limekauka na kuacha ukungu mweupe juu ya ule weusi, na nikiugusa kwa ulimi ni ile chumvi. Nyanya alijua hasira yake ni ya nani. Yangu sikuiita jina, kwa hiyo sijui itamwendea yupi.

Ndiyo maana, tukikusanyika nyumbani na chai ikipakuliwa, mimi yangu huwa inapoa. Naweka kikombe chini. Natazama wengine wanavyokunywa, mmoja baada ya mwingine, na nangoja kila koo lishuke.